Ufa Katika Hesabu

Methali yetu ya ufa na ukuta yatambua jambo ambalo wahandisi walichelewa kulipima, kwamba baina ya ufa na anguko pana muda.

Mwaka 1921 A. A. Griffith, aliyekuwa akifanya kazi Farnborough, Uingereza, alieleza kwa mfano wa kioo kuwa ufa hurefuka pale nishati iliyowekwa katika kitu itokapo kwa kadiri ya kutosha kuumba nyuso mpya mbili. Kisha, mwaka 1954, eropleni mbili za Comet zilipasuka angani: moja karibu na kisiwa cha Elba, wakafa watu 35, na nyingine kusini ya Naples, wakafa 21. Huko Farnborough kiwiliwili cha Comet nyingine kikatiwa katika tangi la maji, kikashindiliwa na kulegezwa kana kwamba charuka na kutua, hata kikapasuka penye pembe ya dirisha. Jambo hilo huitwa uchovu wa metali. Neno hili silipendi sana, maana uchovu wa mtu huondoka akilala.

Mwaka 1957 G. R. Irwin, Mmarekani, alitoa kipimo cha ukali wa mkazo penye ncha ya ufa, baadaye P. C. Paris akakihusisha na urefu ambao ufa huongeza kila mzigo upandapo na kushuka. Basi kompyuta zikapata la kuhesabu.

Walakini, katika njia ambayo R. W. Clough aliipa jina mwaka 1960, kitu hugawanywa vipande vidogo vilivyoungana kama matundu ya wavu, na ufa hauna budi kufuata nyuzi. Ukipinda, wavu sharti ufumwe upya, hatua kwa hatua. Usipofumwa, ufa wafuata njia ya mfumaji wala si yake. Jibu laweza kuwa na tarakimu nyingi, na bado likaonyesha tu jinsi mhandisi alivyouchora wavu. Kwangu mimi hatari hiyo yazidi ile ya kukosa jibu.

Mwaka 1999 T. Belytschko na wenzake wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walionyesha namna ya kuuacha wavu ulivyo. Vipande vilivyokatwa na ufa viliongezewa katika hesabu uwezo wa pande zao kuachana, na vile vya penye ncha vikapewa milinganyo iliyojulikana tangu siku za Irwin. Ufa ukaweza kupita katikati ya tundu.

Ama nambari za uimara wa metali yenyewe, hizo kompyuta hupewa tu. Hupatikana maabarani, kwa kuvunja vipande vya metali halisi.