Safu ya Lugha: Ethi

Mafundi umeme wengi, Dar es Salaam hata Mombasa, huita ethi ule waya wa kijani na njano. Neno limetoka Kiingereza, likapata irabu ya mwisho na kuwa letu. Kazi yake ni kuupa umeme uliovuja njia rahisi, ili fyuzi au sakiti breka ikate mara moja.

Tazama plagi ya pini tatu. Pini ndefu ndiyo ya ethi: hutangulia kuingia na kufungua vifuniko vya ndani ya soketi. Ndiyo maana wenye chaja ya pini mbili huchokoa tundu la ethi kwa kijiti, na hiyo ni hatari.

Uani hatari huongezeka. Mtu yuko peku, ardhi imelowa, na soketi ya pampu imeungwa kwa waya mbili kutoka kwenye taa ya barazani! Soketi ya nje inahitaji laini yenye ethi, boksi lisiloingiza mvua, na RCD ya miliampia 30 inayokata umeme unapovuja.

Fundi akija na waya mbili tu, usimruhusu aanze kazi.