Marekani: Nguo ya Kazi ya Babu Zetu

Watoto wetu waliozaliwa hapa Massachusetts wakisikia neno "Marekani" hufikiria nchi wanayoishi. Babu zetu walijua marekani nyingine: kitambaa kizito cha pamba, kisichopaushwa, kilichokuwa vazi la kazi la mwanamume kutoka Unguja hadi Ujiji. Tunaposherehekea Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961, ni vyema tukumbuke jinsi kilivyotufikia.

Mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, alifunga mkataba wa biashara na Marekani. Mwaka 1837 Richard Waters, mwenyeji wa Salem, aliwasili Unguja akiwa konsuli wa kwanza wa Marekani. Meli za Salem zilishusha majora ya kitambaa kilichofumwa katika viwanda vya huku New England, zikarudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi.

Kilipendwa kwa sababu kilidumu. Mpagazi alijifunga shuka kiunoni, urefu wa mikono minne tu, akatembea nayo miezi kati ya pwani na Tabora. Usiku alijifunika hiyo hiyo. Shuka mbili zilifanya doti, na doti ilikuwa fedha. Wapagazi walilipwa nguo, chakula cha njiani kilinunuliwa kwa nguo, na watemi walipokea nguo kuwa hongo, yaani ushuru wa kupita.

Lakini pamba yake ililimwa kusini mwa Marekani na watumwa wenye asili ya Afrika. Mwafrika aliichuma bila ujira ng'ambo ya bahari. Mwafrika mwingine akaivaa akiwa amebeba pembe begani. Faida ilibaki kwa wenye meli na viwanda.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilileta uhaba wa pamba, na vitambaa vya Uingereza na Bombay vikashika soko. Jina likabaki. Hata kilichofumwa Bombay watu walikiita marekani.

Kazini kwangu hospitali, nguo za mgonjwa hunieleza kazi yake kabla hajafungua kinywa. Nguo za taifa nazo hueleza nani anamfanyia nani kazi. Ndiyo maana baada ya Uhuru nchi iliyolima pamba ilitaka kuifuma yenyewe, na mwaka 1968 Kiwanda cha Urafiki kikafunguliwa Ubungo kwa msaada wa China. Leo fundi wengi nyumbani wanavaa suruali za mitumba, nyingine zikitoka huku huku tuliko. Safari ya jora la marekani haijaisha.

Huko Lowell, kiwanda cha zamani cha Boott sasa ni makumbusho, na mashine zake za kufuma bado huwashwa. Wapelekeni watoto. Waambieni kwamba sisi hatukuanza kujuana na nchi hii tulipopata viza.

Heri ya Sikukuu ya Uhuru.