Vigingi vya Kitante: Kanuni za Mahali katika Mashindano ya Gofu kama Chanzo cha Historia ya Kampala

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kanuni za mahali na masharti ya mchezo katika mashindano ya gofu nchini Uganda, hususan katika kiwanja cha Kitante jijini Kampala. Hoja kuu ni kwamba kanuni hizo, ambazo kwa kawaida huonekana kuwa jambo dogo la wanamichezo, ni kumbukumbu ya kihistoria inayoonyesha jinsi sheria iliyotungwa mbali ilivyolazimika kusikilizana na ardhi, mvua, wanyama na ukuaji wa jiji. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza kuwa karatasi za kanuni hizo zihifadhiwe, zitafsiriwe kwa Kiswahili, na zitungwe kwa kuwashirikisha wanaokijua kiwanja kwa karibu.

1.0 Utangulizi

Kabla ya mashindano ya gofu kuanza, kamati huwakabidhi washindani karatasi moja yenye maelezo mafupi. Karatasi hiyo hueleza mpaka wa kiwanja uko wapi, kijito kinahesabiwaje, mpira uliolala kando ya bomba la maji ushughulikiwe vipi, na mchezo utasimamishwaje radi inapokaribia. Mashindano yakiisha, karatasi hutupwa. Mshindi huandikwa katika ubao wa klabu na magazetini. Kanuni zilizompa ushindi hupotea.

Kwa mwanahistoria, hasara hiyo si ndogo. Kanuni ya mahali huandikwa pale tu ambapo ardhi imekataa kufuata kanuni ya jumla. Kwa hiyo kila aya ya karatasi hiyo ni ushahidi wa jambo lililokuwapo ardhini siku fulani: ukuta mpya, mfereji uliofurika, nyayo za mnyama, nguzo ya umeme. Makala haya yanauliza swali moja: tukizisoma kanuni hizo kama hati za kihistoria, zinatuambia nini kuhusu Kampala na kuhusu mamlaka ya kutunga sheria katika nchi iliyopata kutawaliwa?

2.0 Kanuni ya ulimwengu iliyoanza kuwa ya mtaa

Ni desturi kudhani kwamba kanuni za jumla zilitangulia na za mahali zikafuata. Historia yaonyesha kinyume. Kanuni za kwanza za gofu zinazojulikana kuandikwa ni zile 13 zilizotungwa mwaka 1744 kwa ajili ya mashindano ya Leith, karibu na Edinburgh, Uskoti. Kanuni ya mwisho kati ya hizo inahusu mitaro iliyochimbwa kuhifadhi kiwanja, mashimo ya wanafunzi, na mistari ya askari: mpira ukiingia humo, mchezaji auondoe bila kuhesabiwa kuwa yumo katika kikwazo. Mashimo na mistari hiyo ilikuwa ya Leith, wala haikuwa na maana yoyote kwa mtu wa mahali pengine. Kwa maneno mengine, hati mama ya sheria ya gofu duniani ilikuwa na kanuni ya mahali ndani yake.

Kuelekea mwisho wa karne ya 19, mamlaka ya kutunga kanuni yaliwekwa mikononi mwa klabu ya St Andrews, na mwaka 1899 ikatolewa sheria moja iliyokusudiwa kutumika na klabu zote. Miaka miwili baadaye, mwaka 1901, kiwanja cha Entebbe, kinachotambuliwa kuwa kikongwe kuliko vyote nchini Uganda, kilianzishwa kando ya Ziwa Victoria, katika mji uliokuwa makao ya utawala wa Waingereza. Kati ya tarehe hizo mbili ulitiwa saini Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, uliogawa ardhi kwa kipimo cha maili za mraba na kuzaa umilikaji unaoitwa hadi leo mailo. Hatudai kwamba mambo haya yalipangwa pamoja. Tunachosema ni kwamba gofu liliingia Uganda likiwa na sheria iliyokwisha kukamilika, katika kipindi kilekile ambamo ardhi yenyewe ilikuwa ikipimwa na kuwekewa mipaka kwa sheria nyingine iliyotoka nje.

Tangu mwaka 1952 sheria ya gofu imekuwa moja kwa dunia nzima, ikisimamiwa kwa pamoja na mamlaka ya St Andrews na ile ya Marekani. Nchi zote nje ya Marekani na Mexico, Uganda ikiwemo, zimo chini ya upande wa St Andrews, ambao leo hujulikana kwa jina la R&A. Sheria hiyo huiruhusu kamati kutunga kanuni za mahali, lakini kwa sharti: kamati haiwezi kuifuta kanuni ya jumla kwa sababu tu haiipendi. Lazima iwepo hali ya mahali isiyo ya kawaida. Hapo ndipo swali la kihistoria linapozuka, kwani lililo la kawaida Kampala si la kawaida Uskoti.

3.0 Nyayo za kiboko

Mfano unaojulikana zaidi unatoka Jinja, pale Mto Nile unapotoka ziwani. Kiwanja cha gofu cha mji huo kimepata sifa kwa kanuni inayomruhusu mchezaji kuutoa kwa mkono mpira ulioingia katika unyayo wa kiboko. Vitabu vya watalii huitaja kanuni hiyo kama kichekesho. Kisheria haikuwa kichekesho hata kidogo. Hadi mwisho wa mwaka 2018, kanuni ya jumla ilitoa nafuu kwa mashimo ya wanyama wenye kuchimba ardhi tu, kama vile sungura. Kiboko hachimbi, hupita usiku akitafuta malisho, na uzito wake huacha shimo katika udongo laini. Bila kanuni ya mahali, mchezaji angelazimika kuupiga mpira kutoka ndani ya shimo hilo au kukubali adhabu. Kanuni ya Jinja ilijaza pengo la sheria iliyotungwa na watu waliowajua sungura wasiowajua viboko.

Kanuni nyingine inayonukuliwa sana huhusishwa na Klabu ya Nyanza, Kisumu. Hiyo huruhusu mpira mwingine udondoshwe mahali salama, bila adhabu, ikiwa wa kwanza umetua karibu na kiboko au mamba. Katika mikusanyo ya visa vya gofu, kanuni hiyo hutajwa kuwa ya mwaka 1950 katika “Afrika Mashariki ya Uingereza”. Msomaji makini ataona dosari: nchi hiyo ilibadilishwa jina na kuwa Koloni la Kenya mwaka 1920. Jina lililokwisha kufa miaka 30 kabla linaonyesha kwamba kanuni hiyo imesafiri kwa njia ya hadithi, ikipambwa na wasimuliaji wa mbali, badala ya kuhifadhiwa kama hati. Hivyo ndivyo inavyokuwa pale ambapo nyaraka za mahali hazitunzwi na wenyeji: wengine hutusimulia, nao huchagua la kuchekesha.

Marekebisho makubwa ya mwaka 2019, yaliyopunguza kanuni kutoka 34 hadi 24, yaliyaingiza baadhi ya mambo haya katika sheria ya jumla. Sasa mashimo yaliyochimbwa na karibu wanyama wote yanatoa nafuu, na mchezaji anayekabiliwa na mnyama wa hatari anaruhusiwa kuhama bila adhabu. Hata hivyo, mifano ya wanyama wa hatari iliyotajwa katika kanuni hiyo ni nyoka wenye sumu, nyuki, mamba wa Marekani, siafu moto na dubu. Kiboko hayumo. Orodha hiyo ni ya mifano tu, na kiboko hakatazwi kuhesabiwa. Lakini inaonyesha bado ni mandhari ya nani yanayofikiriwa kwanza. Unyayo nao, kwa kuwa haukuchimbwa, haumo katika kanuni ya jumla. Kamati inayotaka kutoa nafuu kwa uharibifu wa kwato na miguu ya wanyama yapaswa bado kutangaza kanuni ya mahali.

4.0 Kitante: maji, ukuta na kigingi

Kampala haina viboko kiwanjani, bali ina jiji. Kiwanja cha Uganda Golf Club kimo katika bonde la Kitante, kati ya vilima vya Nakasero na Kololo, na kijito cha bonde hilo hupeleka maji yake katika mfumo wa mfereji wa Nakivubo unaoelekea Ziwa Victoria. Mambo mawili ya mahali hapo huonyesha namna kanuni zinavyoihifadhi historia ya jiji.

Jambo la kwanza ni maji. Kampala hupata misimu miwili ya mvua kwa mwaka, na kadiri vilima vinavyofunikwa na paa na lami, ndivyo maji yanavyoteremka bondeni kwa kasi zaidi. Katika sheria ya gofu, maji yaliyo ndani ya vigingi vyekundu au vya njano ni eneo la adhabu: atakayeuondoa mpira humo huongezewa pigo moja. Maji yaleyale yakifurika na kuvuka vigingi huitwa maji ya muda, na mchezaji hupewa nafuu bila adhabu. Tofauti ya pigo moja, ambayo yaweza kuamua mashindano, inategemea mahali ambapo kamati imesimamisha kigingi. Kamati inayovisogeza vigingi mbali na kijito baada ya miaka ya mafuriko inakiri kimyakimya kwamba kijito kimepanuka. Mhandisi wa mifereji angelilipa fedha nyingi kupata kumbukumbu ya aina hiyo, iliyochukuliwa mahali palepale, msimu baada ya msimu.

Masharti ya mchezo huongeza ushahidi huo. Kamati inaporuhusu mpira uinuliwe, usafishwe na uwekwe upya katika nyasi fupi, inatangaza kwamba udongo umelowa kupita kiasi. Inaposimamisha mchezo ghafla kwa sababu ya radi, jambo la kawaida katika ukanda huu wa ziwa, washindani wote hutakiwa kuacha papo hapo, na atakayeendelea anaweza kuondolewa mashindanoni. Tarehe na saa za matangazo hayo ni kumbukumbu ya hali ya hewa.

Jambo la pili ni mpaka. Mwanzoni mwa karne hii, majengo ya biashara ya Garden City na hoteli jirani yake yalisimama ukingoni mwa kiwanja, na suala la ardhi ya Kitante likawa mjadala wa hadhara jijini. Kwa mchezaji, mabadiliko hayo yana tafsiri mahususi. Ukuta ulio ndani ya kiwanja ni kizuizi kisichohamishika: ukiuzuia mkono wa mchezaji, hupewa nafuu bila adhabu. Ukuta unaoainisha mpaka hauna nafuu, na mpira ukivuka mpaka mchezaji hurudi alikopigia, akiwa ameongezewa pigo. Ukuta ni uleule kwa mawe na saruji. Kilichobadilika ni hati ya umiliki. Kwa hiyo mstari wa vigingi vyeupe ni ramani ya ardhi inayochorwa na watu wasiokusudia kuchora ramani. Karatasi za mashindano ya miaka 40 zikiwekwa pamoja kwa mpangilio, zitaonyesha kiwanja kikipungua au kubadilika umbo, mwaka hadi mwaka, pengine kwa usahihi unaokosekana katika kumbukumbu za mabaraza.

5.0 Nani hutunga kanuni?

Katika enzi ya ukoloni, klabu za gofu zilikuwa za Wazungu, na Mwafrika aliingia kiwanjani akiwa kedi au mkata nyasi. Ni yeye aliyejua maji husimama wapi baada ya mvua, upande upi wa kijito ulimomonyoka, na nyani huokota mipira kwenye shimo lipi. Kamati iliandika kanuni. Kedi alitoa maarifa bila jina lake kuandikwa. Baada ya uhuru wa mwaka 1962 uanachama ulifunguliwa, na makedi kadhaa wa Afrika Mashariki wamefikia kuwa wachezaji wa kulipwa. Lakini karatasi ya kanuni bado huandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, kigumu hata kwa wanaokisema vizuri, ilhali mazungumzo ya kiwanjani hufanyika kwa Kiganda, Kiswahili na lugha nyingine.

Hili si suala la heshima tu, bali la haki. Mchezaji asiyeielewa kanuni hupoteza mapigo, na anayeupiga mpira kutoka mahali pasipo sahihi huadhibiwa mapigo mawili hata kama hakukusudia kudanganya. Mashindano ya Kampala huwakutanisha Waganda na wenzao wa Kenya, Tanzania na Rwanda. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha utekelezaji wake kama lugha rasmi. Karatasi ya ukurasa mmoja ni mahali pepesi pa kuanzia utekelezaji huo.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala haya yameonyesha kwamba tofauti kati ya kanuni ya ulimwengu na kanuni ya mahali si ya maumbile bali ya kihistoria: mitaro ya Leith iliandikwa ndani ya sheria, nyayo za Jinja zikaachwa katika kanuni za ziada. Kutokana na hoja hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, vyama vya gofu na klabu vihifadhi karatasi zote za kanuni za mahali, pamoja na michoro ya vigingi, na nakala ziwekwe katika maktaba ya umma ili watafiti wa ardhi, mifereji na hali ya hewa wazifikie. Pili, karatasi hizo zitolewe pia kwa Kiswahili, kwa istilahi zitakazokubaliwa na vyama vya gofu pamoja na mabaraza ya Kiswahili ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tatu, makedi na watunza nyasi wahusishwe kamati inapokikagua kiwanja kabla ya mashindano, na maoni yao yaandikwe.

Gharama ya mapendekezo haya ni ndogo. Gharama ya kuyapuuza ni kwamba siku mpaka wa Kitante utakapobishaniwa tena, mashahidi wengi wa mahali ulipokuwa watakuwa wamekwisha kutupwa pamoja na kadi za matokeo.