Ndeke za Baka

Wapenzi wa ndege za kijeshi za zamani wana namna yao ya kutazama picha. Wakiletewa picha ya Harvard, ile ndege ya mafunzo yenye viti viwili vinavyofuatana na pua nene kama chungu, hawahangaiki na pangaboi wala rangi. Jicho linakwenda moja kwa moja ubavu wa kulia, nyuma ya injini, kutafuta ekzosi. Ikiwa ndefu, imevishwa gamba la bati na kunyooshwa kuelekea kwenye bawa, mmoja wao atasema: hii ya Kanada. Gamba lile lilikusanya joto la moshi na kumpelekea rubani, kwa sababu wanafunzi wa kule waliruka hata majira ya theluji.

Kisha wanahamia kwenye kioo. Kioo chenye fremu nyingi, mfano wa dirisha la vipande vipande, ni cha matoleo ya wakati wa Vita Kuu ya Pili. Chenye fremu chache kinaelekeza kwenye T-6G, ndege kuukuu zilizofumuliwa na kuundwa upya Marekani kuanzia 1949. Wabishi zaidi wataulizia sehemu ya nyuma ya kiwiliwili. Toleo la AT-6C, ambalo Waingereza waliliita Harvard IIA, lilibuniwa litumie plaiwudi mahali pa bati, maana alumini ilihofiwa kwisha vitani. Toleo lililofuata, AT-6D au Harvard III, lilirudi kwenye alumini na kubadili umeme kutoka volti 12 hadi 24.

Asiyeguswa na mambo haya ataona ni watu wazima wanaobishania vyuma chakavu. Lakini kwa Kamina, mji wa jimbo la Katanga nchini Kongo, ubishi huo una faida kubwa, kwa kuwa historia ya mji huo katika karne iliyopita imeandikwa kwa kiasi kikubwa na ndege zilizotengenezwa kwa ajili ya wanafunzi.

Zote hizo zina babu mmoja, NA-16 ya kampuni ya North American, iliyoruka mara ya kwanza Aprili 1935. Kutoka kwake zilipatikana ndege zaidi ya 15,000. Jeshi la nchi kavu la Marekani liliziita AT-6 Texan, jeshi la majini SNJ, Waingereza na nchi za Jumuiya ya Madola Harvard. Injini ni ileile, Pratt & Whitney Wasp ya silinda tisa zilizopangwa duara, yenye nguvu za farasi zipatazo 600. Mlio wake haufichiki. Ncha za pangaboi hukata hewa kwa mwendo unaokaribia ule wa sauti, na ndege hupiga ukelele mkali unaoitangulia kijijini kabla haijaonekana.

Kamina ulikuwa mji wa reli kabla haujawa mji wa ndege. Njia ya kampuni ya BCK kutoka Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ilipita hapo ikielekea Port-Francqui, yaani Ilebo, na ilikamilika 1928. Mwaka 1956 tawi la kwenda Kabalo likaufanya kuwa makutano makubwa. Baada ya vita, Ubelgiji, mtawala wa Kongo, iliyokwisha kukaliwa na Wajerumani mara mbili, ilitaka kituo cha kijeshi mbali na Ulaya, ndani kabisa ya bara, katika Katanga yenye shaba na urani ya Shinkolobwe. Kilijengwa nje ya mji kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940: njia ndefu za kurukia, mahanga, nyumba na karakana. Kwa kifupi kikaitwa Baka, kutoka maneno ya Kifaransa ya Base de Kamina.

Katika miaka ya 1950 Ubelgiji ikapeleka huko shule yake ya urubani ya daraja la pili. Kijana alianza kwao, kwenye Stampe SV-4, ndege nyepesi ya mabawa mawili iliyobuniwa Antwerp. Aliyefaulu alisafirishwa hadi Kamina kujifunza Harvard. Sababu zilionekana kwa macho. Uwanda wa karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kiangazi chenye mbingu safi miezi mfululizo, na anga pana lisilo na msongamano wa Ulaya. Harvard hizo zilikuwa za matoleo mchanganyiko, IIA, IIB na III, nyingi zikiwa zimewahi kutumiwa na jeshi la anga la Uingereza.

Ilikuwa ndege ngumu kutua nayo, na ndiyo maana walimu waliipenda. Ina gurudumu la mkia. Ikiwa chini, pua inaziba mbele, na rubani analazimika kwenda kwa kuyumba kushoto na kulia ili aone njia. Akizembea mguu kwenye pedali baada ya kugusa ardhi, mkia unataka kutangulia na ndege inazunguka kama pia. Aliyeimudu Harvard alihesabiwa kuwa anaweza kumudu nyingine yoyote.

Wanafunzi wa Baka walikuwa Wabelgiji. Wakongomani walikuwepo Baka kama vibarua, wapishi, madereva na askari wa ulinzi. Katika Force Publique yote, yaani jeshi la koloni, hadi Juni 1960, hapakuwa na ofisa Mkongomani hata mmoja, na cheo cha mwisho alichoweza kufikia mwananchi kilikuwa adjudant. Shule ya marubani ilikaa katika ardhi ya Waluba miaka kadhaa, na mtoto wa Mluba aliijua kwa mlio wa ndeke tu, kama watu wa Katanga wanavyoita ndege. Hilo ni jeraha, na picha za kupendeza za mahanga meupe zisilifunike.

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Siku moja kabla yake ulitiwa saini mkataba wa urafiki ulioiachia Ubelgiji vituo vya Kamina na Kitona, mkataba ambao haukuwahi kuidhinishwa. Askari wa Force Publique walipoasi Julai, Harvard za mafunzo zilifungwa bunduki za rashasha na roketi chini ya mabawa. Tarehe 10 Julai wanajeshi wa Ubelgiji waliondoka Kamina kwenda Élisabethville. Siku iliyofuata Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, alitangaza kujitenga kwa Katanga, na upande wa pili wa nchi, bandarini Matadi, Harvard zilishiriki shambulio la Wabelgiji. Ndege ya shule ilikuwa imekwisha kuwa ndege ya vita, bila kiwanda kubadilisha herufi hata moja ya jina lake.

Hapo ndipo utaalamu wa kulinganisha unapopata kazi ya maana. Vitabu vya matoleo vitasema IIB na III. Picha itaonyesha reli ndogo za roketi chini ya bawa, au mahali zilipofungwa. Mwenye jicho atajua kama ndege ilipigwa picha ikiwa ya mwanafunzi au ikiwa imetoka kupiga watu.

Baadhi ya Harvard ziliishia mikononi mwa jeshi la anga la Katanga, Avikat. Februari 1961 likapokea Fouga Magister tatu kutoka Ufaransa, kati ya tisa zilizoagizwa. Hii nayo ilikuwa ndege ya mafunzo, ila ya jeti, yenye injini mbili ndogo na mkia wa umbo la V unaoitambulisha papo hapo. Kufika Septemba mwaka huo ilibaki moja tu inayoruka. Hiyo moja ilitosha. Umoja wa Mataifa, uliokuwa umepeleka askari Kongo, haukuwa na ndege ya kivita hata moja nchini, kwa hiyo Fouga iliwashambulia askari wake Waairishi zaidi ya 150 wa Kamanda Pat Quinlan waliozingirwa Jadotville, Likasi ya sasa, na kuteketeza ndege za usafirishaji zikiwa ardhini. Hofu ya Fouga ilikuwa miongoni mwa sababu zilizofanya ndege ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ipite njia ya mzunguko, usiku, kimya, tarehe 17 Septemba 1961. Ilianguka karibu na Ndola, Zambia ya leo.

Dunia ikajibu kwa ndege halisi za kivita. Uswidi ilileta Saab J 29, nene hadi wenyewe wakaiita Tunnan, pipa. Ethiopia ilileta Sabre, India Canberra. Kamina, ambayo sasa ilikuwa chini ya Umoja wa Mataifa, ikawa kituo cha Waswidi, na mwishoni mwa Desemba 1962 mapipa hayo yaliruka kutoka huko na kuziharibu ndege za Avikat uwanjani Kolwezi.

Vita havikuishia hapo, wala ndege za mafunzo. Mwaka 1964, wakati wa uasi wa Simba, serikali ya Kongo ilitumia ndege za T-28, zilizobuniwa na North American ileile kuwa warithi wa T-6, zikirushwa na Wakuba waliokimbia nchi yao na kulipwa na Marekani. Novemba mwaka huo makomando wa Kibelgiji walipita Kamina kabla ya kushuka Stanleyville, Kisangani ya leo.

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani haya ni ya Kongo peke yake. Kati ya 1953 na 1955 Harvard za Waingereza zilidondosha mabomu madogo ya kilo tisa hivi juu ya misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, zikitokea Mweiga, kuwasaka wapiganaji wa Mau Mau. Wareno walitumia T-6 Msumbiji dhidi ya FRELIMO. Afrika Kusini iliendelea kufundishia Harvard hadi 1995, na kule bado zipo zinazoruka, watu wakilipa kuzisikia.

Kinachokosekana ni sauti na picha za Baka kutoka kwa waliofanya kazi pale. Hatima ya Saab inatoa funzo: vikosi vya Umoja wa Mataifa vilipofunga kazi, baadhi ziliharibiwa palepale kituoni kwa kuwa kuzirudisha Uswidi kulionekana ghali mno. Vyuma vimekwenda. Karatasi zinafuata. Familia yenye picha ya babu amesimama mbele ya ndeke, Kamina, iigeuze na kuandika nyuma yake jina lake, kazi yake na mwaka. Ekzosi na kioo, wapenzi wa ndege watavisoma wenyewe. Jina la babu hakuna atakayeweza kulisoma lisipoandikwa.