"Nimeokoka": Kitenzi Kisichotaja Mtenda na Ubishi wa Wokovu Afrika Mashariki

Swali linaloulizwa stendi ya mabasi, kwenye bweni la shule na kando ya kitanda cha mgonjwa, "Umeokoka?", ni neno moja tu. Anayejibu "Nimeokoka" ameshatambulisha imani yake, marafiki zake, hata kinywaji asichokinywa. Anayejibu kwamba amebatizwa na kupata kipaimara amejibu swali ambalo hakuulizwa, na muulizaji humhesabu kuwa amesema hapana. Wa tatu hujibu kwa ukali kidogo kwamba hakuna aliyeokoka hapa duniani. Hayo yatajulikana siku ya mwisho. Watatu hawa huenda ni ndugu wa tumbo moja, wamekaa mkeka mmoja msibani, na ubishi wao una umri unaokaribia karne moja.

Makala hii inadai kwamba ubishi huo haukai pale wabishani wanapodhani unakaa. Wanadhani wanabishania wakati, yaani kama wokovu ni wa sasa au wa baadaye. Kuhusu wakati hawatofautiani sana, na nitaonyesha kwamba kila upande, ukikamatwa na mafundisho yake wenyewe, hukiri nusu ya maneno ya upande wa pili. Tofauti halisi iko kwa mtenda. Mtu anaposema "nimeokoka", anamzungumzia nani: Mungu, au nafsi yake?

Tuanze na kitenzi chenyewe, maana Kiswahili kimetuwekea hapa kitu ambacho Kiyunani cha Agano Jipya hakikuwa nacho. Paulo na Luka walitumia kitenzi kimoja, sozo, na walipotaka kusema mtu amepata wokovu walikiweka katika kauli ya kutendwa: mtu huokolewa, na anayeokoa ni mwingine. Mfasiri wa Kiswahili alikuta njia mbili mbele yake. Angeweza kusema "okolewa", na mtenda akabaki anasikika hata asipotajwa, kwa kuwa sikio hungoja "na nani?". Au angeweza kusema "okoka", neno lililo katika jamii ya ondoka, ng'oka, bomoka na chomoka, vitenzi vinavyoeleza hali iliyompata mtu au kitu bila kuuliza nani aliisababisha. Ukuta umebomoka. Jino limeng'oka. Nani kafanya? Sentensi haisemi, na wala haidaiwi.

Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya Union, iliyotoka nzima mwaka 1952, walizitumia njia zote mbili. Katika Waefeso 2:8, mahali ambapo Paulo anaifunga neema na wokovu pamoja, waliandika kwa "okolewa". Katika Matendo 16:30, kwenye swali la askari wa gereza la Filipi, waliandika kwa "okoka". Na katika Mathayo 24:13, aya ambayo wapinzani wa walokole huikimbilia kwanza kwa sababu inamtaka mtu avumilie mpaka mwisho, waliandika tena kwa "okoka", katika wakati ujao. Kwa hiyo neno ambalo walokole wamelifanya lao limo pia katika aya ya wapinzani wao. Hakuna upande unaoweza kudai kwamba Maandiko ya Kiswahili yameupa neno hilo peke yake.

Nyakati nazo zimo zote. Waefeso 2:8 inauona wokovu kama jambo lililokwisha tendeka na athari yake ikabaki. Katika 1 Wakorintho 1:18 ni jambo linaloendelea. Katika Warumi 5:9 ni jambo litakalokuja. Mtume mmoja, kitenzi kimoja, nyakati tatu. Anayeshika moja na kuzitupa mbili hapingani na jirani yake tu; anapingana na Paulo.

Hapa ndipo kiambishi "-me-" kinapostahili kuangaliwa kwa makini zaidi ya ilivyozoeleka. Wapinzani husikia "nimeokoka" kama kwamba mtu amesema: nimemaliza, mlango umefungwa, sitapotea kamwe. Lakini "-me-" haifanyi kazi hiyo. Tukisema mtoto amelala, tunasema yuko usingizini sasa, na mama anajua kwamba ataamka. Mzee amevaa kanzu: kanzu iko mwilini, jioni ataivua. Hali timilifu inaeleza kwamba tendo limekwisha na matokeo yake yapo wakati wa kusema. Kuhusu kesho haisemi chochote. Na walokole wenyewe wanalijua hilo vizuri, kwa sababu msamiati wao una neno la pili ambalo wapinzani hulisahau: "amerudi nyuma". Asingeweza kurudi nyuma mtu ambaye wokovu wake umefungwa kwa kufuli. Wapo Wakristo wanaofundisha kwamba mteule wa Mungu hawezi kupotea, na fundisho hilo lilipewa sura yake mashuhuri katika Sinodi ya Dort ya 1618 na 1619. Lakini si hilo linalohubiriwa katika mikutano mingi ya injili ya Dodoma, Kisumu au Bukoba. Mhubiri anayeita watu waokoke usiku wa kwanza ndiye huyohuyo anayewaita waliorudi nyuma usiku wa pili.

Upande wa pili nao haujajisikiliza. Mkatoliki anayesema hakuna aliyeokoka duniani ameisahau katekisimu yake, inayomfundisha kwamba ubatizo humwondolea mtu dhambi ya asili, humzaa upya na kumjaza neema ya utakaso. Hayo hayangoji kaburi. Yanatendeka kisimani siku ambayo mtoto hata jina lake hajui kulitamka. Mlutheri anayesema vivyo hivyo amesahau zaidi, kwa kuwa kanisa lake lilizaliwa katika ubishi juu ya jambo hilihili: kwamba mwenye dhambi anahesabiwa haki sasa, kwa imani, si baada ya mizani ya mwisho kupimwa. Kinachowafanya wote wawili waseme wasichokiamini ni jinsi wanavyomsikia anayesema "nimeokoka". Wanasikia majivuno, nao wanajibu majivuno kwa fundisho wasilolishika.

Je, wanasikia vibaya? Si mara zote, na hapa historia ina la kusema.

Mwaka 1929 daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, alikutana Namirembe, Kampala, na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi. Walisoma Maandiko pamoja na kuomba pamoja. Kutokana na urafiki huo, na watu wa Gahini waliofuata, akiwamo mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, aliyefariki Januari 1936, ukatokea uamsho ulioenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Waganda waliwaita watu wake Balokole, yaani waliookoka, na Kiswahili kikalichukua jina hilo na "l" yake ikabaki katikati kama alama ya ugeni. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono kwa sababu ya uamsho huo, William Nagenda akiwa mmoja wao. Mgogoro, basi, haukuletwa na mahubiri ya vipaza sauti ya miaka ya karibuni. Ulianzia ndani ya Kanisa la Anglikana lenyewe.

Katika ushirika wa watu hao, neno "nimeokoka" halikusimama peke yake. Lilifuatana na maungamo, tena maungamo yenye majina ya vitu: ng'ombe aliyeibwa, fedha za mwajiri, chuki dhidi ya mtu wa kabila fulani, dharau ya Mzungu kwa Mwafrika na ya Mwafrika kwa Mzungu. Aliyeiba alirudisha. Kutembea nuruni kulimaanisha kumwendea uliyemkosea. Ushuhuda ulisemwa leo na kesho ukasemwa tena, kwa dhambi ya kesho. Katika mazingira hayo, hata kitenzi kisichotaja mtenda kilikuwa na mtenda, kwa sababu maneno yote yaliyokizunguka yalimtaja: damu, msalaba, Yesu. Mtu hakuwa akieleza daraja alilofikia. Alikuwa akieleza alipokutwa.

Neno hilo lilikuwa na gharama. Wakati wa Mau Mau, watu wa uamsho katika nchi ya Wakikuyu walikataa kula kiapo, na wapo waliouawa kwa ajili hiyo. Wengi wao walikataa pia kushika bunduki za serikali. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, aliyekimbia Uganda mwaka 1977 baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa, alichapisha mwaka huohuo kitabu ambacho jina lake peke yake lilikuwa ungamo: kwamba anampenda Idi Amin. Unaweza kumwambia mtu huyo kwamba alijivuna?

Lakini maneno huchakaa. Leo "ameokoka" ni sifa inayotajwa pamoja na umri na kazi pale mtu anapotafuta mchumba. Maungamo yamepungua; yakitolewa, huwa ya dhambi za zamani zilizokwisha poa, pombe na uasherati wa enzi za ujana, mara chache sana mshahara wa msaidizi wa nyumbani uliocheleweshwa mwezi uliopita. Sentensi imebaki, vilivyoizunguka vimeondoka, na kitenzi kisichotaja mtenda kimebaki na mtu mmoja tu wa kumtaja: msemaji. Hapo wapinzani hawasikii vibaya. Wanasikia kilichobaki.

Inaweza kupingwa kwamba naitwisha sarufi mzigo usio wake. Tunasema abiria wameokoka katika ajali, na hakuna anayedhani walijiokoa. Pingamizi hili ni la kweli, na nalikubali. Ila msikilize abiria huyo anavyoeleza: hamalizi sentensi bila kuongeza kwamba ni Mungu tu. Mzungumzaji wa Kiswahili anajua kwamba "okoka" imeacha nafasi wazi, na adabu ya imani humfanya aijaze. Ninalolalamikia ni kwamba aliyenusurika kwenye basi huijaza nafasi hiyo kwa haraka kuliko wengi wetu tulionusurika, kama tunavyosema, kwenye moto wa milele.

Suala la wakati haliwezi kuachwa bila kumtaja John Mbiti, aliyetumia maneno ya Kiswahili, sasa na zamani, kueleza namna Waafrika walivyouona wakati. Katika utafiti wake juu ya Wakamba, uliochapishwa mwaka 1971, aliyachunguza mafundisho ya Africa Inland Mission kuhusu mambo ya mwisho, akaona yamezungumza na watu ambao wakati ujao wa mbali haukuwa na uzito kwao. Simfuati mpaka mwisho. Anayepanda mnazi anaujua wakati ujao. Lakini Mbiti aligusa jambo ambalo wanaosema "mpaka ufe" hawajalijibu: wokovu ulioahirishwa wote mpaka kaburini haumdai mtu chochote leo. Uamsho ulipata nguvu kwa sababu uliurudisha wokovu katika sasa, mahali penye ng'ombe wa kurudishwa.

Kuna hoja nzito kuliko zote hizi. Gahini iko Rwanda. Mwaka 1994, katika nchi hiyohiyo, wauaji na waliouawa walikuwa waumini wa madhehebu yaleyale, na kanisa la Nyamata likawa mahali pa mauaji. Anayesema "nimeokoka" na anayesema "nimebatizwa" wote wawili wanapaswa kusimama kimya mbele ya jambo hilo kabla ya kuendelea kubishana. Eneo hilo la Nyamata lilikuwa na mchungaji wa Kianglikana, Yona Kanamuzeyi, mtu wa uamsho, aliyeuawa Januari 1964 baada ya kuwahudumia wakimbizi Watutsi bila kuwabagua. Kati ya miaka hiyo miwili hakuna kiambishi cha njeo kinachoweza kutueleza lililotokea.

Mafundisho rasmi yamekwisha kukaribiana mahali ambapo mikeka ya msibani bado inatengana. Mtaguso wa Trento, katika kikao chake cha sita cha 1547, ulikataa uhakika wa Waprotestanti. Lakini ukiusoma vizuri, ulifundisha kwamba hakuna mcha Mungu anayepaswa kuitilia shaka huruma ya Mungu, ila kila mtu anapoutazama udhaifu wake ana sababu ya kuogopa. Tamko la Pamoja kuhusu Fundisho la Kuhesabiwa Haki, lililotiwa saini Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999 kati ya Kanisa Katoliki na Shirikisho la Kilutheri Duniani, lina sehemu nzima juu ya uhakika wa wokovu, na upande wa Kilutheri unasema humo kwamba mwamini asijitazame mwenyewe, amtazame Kristo. Wamethodisti walijiunga na Tamko hilo mwaka 2006, na makanisa ya Kireformati mwaka 2017. Pande zote mbili zinasema kwamba uhakika hutegemea jicho linaangalia wapi. Likimwangalia anayeokoa, halina sababu ya kusita. Likimwangalia anayeokolewa, linatetemeka, na Wafilipi 2:12 inaupa mtetemeko huo nafasi yake halali.

Shirikisho hilo la Kilutheri lilikuwa limekutana Dar es Salaam mwaka 1977 na kumchagua Josiah Kibira, askofu wa Bukoba, kuwa rais wake wa kwanza Mwafrika. Bukoba ni nchi ambayo uamsho uliifikia mapema. Askofu wa kanisa linalobatiza watoto wachanga aliishi katikati ya watu waliosema "nimeokoka", na hakuona haja ya kuchagua mmoja amfukuze mwingine.

Turudi kwa askari wa Filipi, kwa kuwa swali lake ndilo lililotuachia neno hili. Jibu alilopewa lilikuwa katika wakati ujao, na lilihusu imani. Kisha Luka anaeleza usiku uliobaki: saa ileile mtu huyo aliwachukua wafungwa aliokuwa amewabana miguu kwenye gogo, akawaosha majeraha yao, akabatizwa yeye na watu wake wote, akawaandalia chakula nyumbani kwake. Imani imo, ubatizo umo, na maji ya kuosha majeraha yamo pia. Luka anatuambia kwamba alifurahi. Baada ya swali lile, hakuna neno jingine lililonukuliwa kutoka kinywani mwake mpaka asubuhi, alipowaletea habari kwamba wamefunguliwa.