Mateso na Kukutana: Ukurasa Mmoja wa Imani Yetu Hapa Kolwezi



Katika sikukuu ya yubile watu hupenda kuhesabu majengo: kanisa lilisimamishwa mwaka gani, kengele ilifika lini, mapadri gani walitutangulia. Hesabu hiyo ni ya haki, na wengine wameiandika vema katika kitabu hiki. Mimi nimeombwa kuandika juu ya jambo ambalo halina jiwe la msingi wala tarehe ya kubarikiwa, ndiyo mateso ya watu wetu, na namna imani yao ilivyokua ndani yake, au pengine ilivyokataa kukua.

Kila katekista amefundisha yale aliyoandika Mtume Paulo katika sura ya tano ya barua kwa Warumi: taabu huzaa uvumilivu, na mwisho wa safari hiyo ni matumaini. Twayafundisha kwa haraka, kana kwamba taabu ni mashine: mtu anaingia upande mmoja, anatoka mtakatifu upande wa pili. Historia ya Kolwezi haikubali mafundisho ya haraka namna hiyo. Taabu ile ile iliyowafanya wengine kuwa ndugu, iliwafanya wengine kuwa wakali kama chui. Basi tutazame tofauti ilitoka wapi. Na tukumbuke kwamba pale Paulo hasemi «mimi», anasema «sisi».

Mji wetu ni mtoto wa shaba. Kompanyi ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na mwishoni mwa miaka ya 1920 ikaanza kutaka wafanyakazi wa kudumu, wanaokaa kambini pamoja na bibi na watoto. Hivyo walikutana katika kambi moja watu wasiojuana: Walunda, Wasanga, Wachokwe, Waluba wa Katanga na Waluba wa Kasai, Wabemba, hata watu wa Rwanda. Kila mtu alikuwa mbali na makaburi ya babu zake. Nyumba ilikuwa ya kompanyi, posho ilikuwa ya kompanyi, na mtoto alifundishwa katika masomo ya misioni kwa msaada wa kompanyi. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 1941, wafanyakazi wa Union Minière kule Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, walipogoma kwa kudai mshahara, askari waliwapiga risasi katika kiwanja cha mpira.

Wakati ule Eklezia ilifundisha uvumilivu. Lakini tuseme kweli: neno «vumilia» likitoka katika kinywa cha mtu anayeteswa ni sala; likitoka katika kinywa cha mtu anayekula vizuri, ni mzigo mwingine juu ya kichwa cha mwenzake. Wazee wetu waliisikia tofauti hiyo, ijapokuwa hawakuisema mbele ya padri.

Padri mmoja aliisikia. Placide Tempels, Mfransiskani, alizaliwa Ubelgiji mwaka 1906, mwaka ule ule wa Union Minière (Mungu naye ana hesabu zake). Alifika Kongo mwaka 1933, akafanya kazi kati ya Waluba wa Katanga. Mwaka 1945 alitoa kitabu chake juu ya filosofia ya Wabantu, kitabu kilichosomwa na kubishaniwa na wataalamu wa nchi nyingi. Mwaka uliofuata alirudi Ubelgiji, akakaa huko mpaka mwaka 1949. Mwaka 1953 akawekwa hapa Kolwezi, katika misioni ya Ruwe, kati ya wafanyakazi wa mgodi na bibi zao.

Kitu alichokifanya Ruwe hakikuwa kikubwa kwa macho. Miaka ya kwanza, kama yeye mwenyewe alivyoeleza baadaye, alikuwa amekuja kama bwana mwenye ukweli mkononi, akiamuru na kusahihisha, na mavuno yakawa haba. Kisha akaanza kuuliza. Wewe ni nani? Wataka nini kupita vitu vyote? Nini chakuumiza? Watu waliposhika mazoea ya kujibu, majibu yalikusanyika katika maneno matatu ambayo wazee wa Jamaa wanayataja mpaka leo: uzima, uzazi, mapendo. Tazameni vizuri maneno hayo. Kila moja ni jina la donda lililofunikwa. Anayetamani uzima ni yule aliyezika. Anayetamani uzazi ni mama anayechekwa kwa ugumba, au baba ambaye watoto hawamwiti tena. Anayetamani mapendo ni mfanyakazi aliyezungukwa na watu elfu kambini na hana hata mmoja wa kumwambia neno la moyo. Padri alitambua kwamba haja zile tatu zilikuwa zake vilevile. Hapo hakubaki tena mfundishaji upande huu na mfundishwa upande ule. Walibaki watu waliokutana. Hivyo ilizaliwa Jamaa.

Bibi na bwana walijifunza kuelezana mambo ambayo hawakuwa wameelezana tangu siku ya ndoa. Wakaitana Baba na Mama, na mtu wa kabila hili akamwita Baba yule wa kabila lingine ambaye nyumbani kwao hangekula naye sahani moja ya bukari. Jamaa ilienea katika kambi za Katanga, ikafika Kasai na mbali zaidi. Sitaficha kwamba baadaye vikundi vingine vilipotoka njia, na maaskofu walilazimika kuonya na kurudisha utaratibu. Shamba lenye mbolea huotesha majani pia. Tempels mwenyewe aliondoka Kongo mwaka 1962 na hakurudi kuishi hapa tena. Alifariki Ubelgiji mwaka 1977.

Mwaka uliofuata kifo chake vita viliingia Kolwezi. Tarehe 13 ya mwezi wa tano 1978 wapiganaji wa FNLC waliotoka Angola waliushika mji; tarehe 19 askari wa Kifaransa walishuka kwa parashuti, na kesho yake Wabelgiji wakafika. Katika siku hizo mamia ya watu waliuawa, Wakongo na Wazungu, na maiti zililala barabarani katika jua. Askari wa serikali waliporudi, watu wengine waliadhibiwa kwa kushukiwa tu. Dayosisi yetu, iliyoanzishwa mwaka 1971, ilikuwa ingali changa, na Askofu Floribert Songasonga alikuwa katika mwaka wake wa nne. Wazee wanaosimulia siku zile hawasemi sana juu ya bunduki. Wanasema juu ya nani alifungua mlango usiku na nani hakufungua.

Nafika sasa kwenye ukurasa ambao vitabu vya yubile hupenda kuuruka.

Mwezi wa tisa mwaka 1990 sehemu ya kati ya mgodi wa Kamoto ilibomoka. Gécamines, ambayo katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka, ilianguka kama mti uliokatwa mizizi. Mishahara ikachelewa, posho ikapotea, hospitali ikakosa dawa. Njaa ikaingia katika nyumba ambazo hazikuijua. Na njaa ile, badala ya kuuliza ilitoka wapi, ikatafutiwa mtu wa kubeba kosa. Wanasiasa wa jimbo, wakiongozwa na Gavana Kyungu wa Kumwanza, waliwaonyesha watu jirani zao Wakasai. Katika mikutano na barabarani Wakasai waliitwa «bilulu», maana yake wadudu. Mwaka 1992 walifukuzwa Likasi. Mwezi wa tatu 1993 ikawa zamu ya Kolwezi. Watu kwa maelfu, wengi wao waliozaliwa hapa hapa na wasioijua Kasai hata siku moja, walilala katika vituo vya treni na uani mwa masomo, wakingoja gari la kuwapeleka katika nchi ya babu zao. Watoto na wazee walikufa wakingoja, na wengine walikufa njiani.

Waliofukuzwa walikuwa wabatizwa. Katika waliofukuza, wabatizwa hawakukosa. Mji uliokuwa utoto wa Jamaa, mji ambao Muluba wa Kasai na Mlunda walikuwa wameitana Baba, ndio uliowaita watu wadudu. Je, mateso ya 1941 na ya 1978 hayakutufundisha kitu? Nimeuliza swali hili mara nyingi kwa wazee, wa pande zote mbili. Jibu ninaloliona ni hili: teso lisilosemwa mbele ya mwenzako na mbele ya Mungu halilali, lazunguka usiku likitafuta mgongo wa kupanda. Mfanyakazi asiyelipwa alikuwa anateswa kweli. Lakini hakukaa chini na jirani yake wa Kasai, ambaye naye hakulipwa, wakaulizana kama pale Ruwe: nini chakuumiza? Wangeulizana, wangekuta kwamba donda lao ni moja.

Tusiwasahau waliofanya kinyume. Walikuwapo watu waliowaficha jirani zao, waliobeba maji na unga mpaka kituoni ijapokuwa walitukanwa njiani, waliotunza funguo za nyumba za watu bila kuuza hata kiti. Majina yao siyaandiki. Wenyewe hawakupenda kusifiwa. Katika hao ndipo nimeona maneno ya Paulo yakitimia, kwa maana taabu ya mwingine waliifanya yao, wakalipa kwa hofu yao wenyewe.

Tarehe 24 ya mwezi wa nne 1994, mwaka mmoja tu baada ya treni zile, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Isidori Bakanja kuwa mwenye heri. Hakuwa padri wala mtawa. Alikuwa mfanyakazi wa kompanyi, kama baba zetu. Alibatizwa Mbandaka mwaka 1906 na wamisionari Watrapisti, na mwaka 1909, kule Ikili, mkubwa wake Mzungu aliamuru apigwe fimbo zaidi ya mia kwa mjeledi wenye misumari, kwa sababu alikataa kuacha sala na skapulari ya Mama Maria. Alitaabika miezi sita, madonda yakioza, mpaka tarehe 15 ya mwezi wa nane. Alimsamehe aliyempiga, akaahidi kumwombea mbinguni. Hayo twayajua wote. Mimi napenda tutazame na jambo la pili: katika miezi ile kulikuwa na watu waliomhifadhi, waliomwosha na kusali pamoja naye, na mapadri walimfikia na sakramenti kabla hajafa. Msamaha wake ulikomaa mikononi mwa watu. Papa huyo huyo, katika barua yake ya mwaka 1984 juu ya mateso, alimweka Msamaria Mwema karibu kabisa na msalaba, na sidhani alifanya hivyo kwa kupamba maandiko.

Siku zetu hazikosi misalaba. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walitolewa kazini kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari, na wengi wao wamezeeka wakidai haki zao. Kobalti imeleta kompanyi mpya, na imewaleta vijana wanaochimba kwa mikono. Mwezi wa sita 2019 udongo uliwaangukia makumi yao katika mgodi wa KOV, wakafa. Katika mtaa wa Kanina masista wa Bon Pasteur wanawafundisha watoto waliokuwa wakiosha mawe, na mama zao wanajifunza kushona na kulima. Katika jumuia zetu ndogo, kazi yetu mara nyingi ni kwenda kukaa katika nyumba ya kilio. Rafiki za Ayubu walikaa naye siku saba bila neno, na hapo walifanya vizuri. Waliharibu siku walipoanza kueleza kwa nini anateswa. Mama aliyempoteza mtoto shimoni hana haja ya katekista wa kumwambia ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakuchimba shimo lile bila nguzo.

Katika ofisi ya parokia kuna daftari za ubatizo, na wakati wa kuandaa yubile nilipewa kazi ya kuzisoma. Kurasa za zamani zimechanganya makabila yote: mtoto ana jina la Kasai, msimamizi wake ana jina la Kilunda, ukurasa unaofuata ni kinyume. Baada ya mwezi wa tatu 1993 majina ya Kasai yanakatika karibu kabisa. Baada ya miaka kadhaa yanaanza kuonekana tena, moja moja. Lakini katika sanduku la barua nimekuta kitu kingine. Tangu miaka ile, kutoka Mbuji-Mayi, kutoka Kananga, kutoka Mwene-Ditu, zimekuwa zikifika barua fupi za mapadri wa huko: kijana fulani anataka kufunga ndoa, asema alibatizwa kwenu, tafadhali tupeni cheti chake. Mwandishi wa parokia alikuwa akifungua daftari, anapata jina mahali pake, baba, mama, msimamizi, tarehe. Anaandika cheti, padri anatia sahihi na muhuri. Barua ya mwisho ya namna hiyo imefika mwaka huu, kwa mtu aliyebatizwa hapa mwaka 1992.