Njia ya Uzi: Habari za Kazi ya Ushanga

Watu wengi watazamapo kazi ya ushanga husifu rangi zake tu, wakadhani ya kuwa nakshi yote imo katika rangi. Walakini fundi ajua kwamba shanga zile zile, kwa hesabu ile ile, zikishonwa kwa njia mbili zitatoa sura mbili. Uzi umefichwa, nao ndio utawalao. Twataka kueleza jambo hilo kwa habari za mataifa kadha wa kadha, tupate kuona ni kitu gani hasa kipoteacho mshono usahauliwapo.

Tuanze na Misri. Mwaka wa 1927 wachimbaji walioongozwa na Bwana George Reisner, Mmarekani, walifungua kaburi la mwanamke huko Giza. Mwanamke huyo aliishi zama za Farao Khufu, yapata miaka 4,500 iliyopita. Alikuwa amezikwa na vazi la shanga za buluu na kijani, ambazo rangi yake ilikuwa imefifia kwa uzee. Uzi ulikuwa umeoza, na shanga zipatazo 7,000 zilikuwa zimeachana. Ila chache zilikuwa zimelala bado mahali pake pa kwanza, juu ya maiti na kando yake. Kwa hizo chache wataalamu walitambua njia ya uzi, kuwa ni mshono wa wavu, mithili ya jarife la wavuvi. Wakalitunga upya vazi zima, nalo limewekwa katika nyumba ya makumbusho ya Boston, Marekani. Kama shanga zile zingalizolewa na kutiwa kikapuni, rangi zote zingalipatikana, bali vazi lisingalipatikana.

Mshono wa wavu huacha matundu, nao hunyumbuka pamoja na mwili. Nakshi yake hufuata matundu hayo, yaani miraba iliyosimama kwa pembe. Atakaye kuandika ua au ndege kwa wavu atajisumbua bure.

Mshono wa pili ni kufuma kwa kitanda. Nyuzi za mtande hutandazwa, na uzi wa mshindio hupitishwa ukichukua shanga, moja katikati ya kila nyuzi mbili. Shanga hukaa kwa safu zilizonyoka, juu kwa chini na kushoto kwa kulia, kama askari katika gwaride. Mistari iliyonyoka hutoka safi kabisa. Mstari wa kwenda mshazari hutoka kama ngazi. Tena shanga ndogo za kioo si za mraba, maana unene wake hupita urefu wa tundu lake. Kwa hiyo mviringo uliochorwa katika karatasi ya miraba, ukifumwa, huwa yai.

Mfano mzuri wa jambo hili twaupata kwa Waojibwe, wenyeji wa nchi ya maziwa makuu ya Amerika ya Kaskazini. Katika karne ya 19 walifanya mifuko mizuri ya kutundika begani. Iliyofumwa kwa kitanda ilikuwa na nakshi za pembe na miraba. Baadaye wengi wakashika njia nyingine, ya kushonea shanga juu ya kitambaa au mahameli kwa nyuzi mbili: uzi mmoja huchukua shanga, na wa pili huufunga ule wa kwanza kila baada ya shanga mbili tatu. Uzi wa namna hii haushurutishwi na mtande. Huweza kupinda kila upande. Ndipo mifuko ikajaa maua, majani na mashina yaliyopindapinda. Watu walikuwa wale wale na ushanga ule ule. Mshono ulipobadilika, nakshi ilibadilika nao.

Mshono wa tatu twaweza kuuita wa tofali, kwa kuwa kila ushanga hukaa juu ya maungano ya shanga mbili zilizo chini yake, kama mwashi ajengavyo ukuta. Hapa mstari wa mshazari hutoka laini, lakini mstari wa kusimama wima hutoka umepindapinda. Na kila safu ikipungua ushanga mmoja, pembetatu hutokea yenyewe pasipo kulazimishwa. Huko Afrika ya Kusini mshono huu wajulikana sana, na pembetatu ni nakshi ipendwayo katika kazi ya Wazulu. Wandebele nao wana mshono wao maarufu, ambao shanga husimama mbili mbili zikiegemeana, na kazi yote huonekana kama mifupa ya samaki.

Sasa twarudi kwetu. Bwana Richard Burton, aliyeanza safari yake ya bara mwaka wa 1857, aliandika kwamba biashara ya ushanga ya Unguja ilikuwa na aina zipatazo 400, na samesame nyekundu ni mojawapo iliyotakiwa sana. Shanga zilihesabiwa kwa kete, na kete kumi zilifanya fundo moja. Mwaka wa 1883 Bwana Joseph Thomson alifika Taveta akiwa na mizigo ya ushanga ya kupitia nchi ya Wamasai. Akaambiwa kwamba Wamasai hawatapokea ushanga wake mpaka utungwe kwa urefu wauzoeao. Ikawa hana budi kukaa siku kadha, watu wake wakitunga maelfu ya nyuzi upya. Mgeni alidhani amechukua mali iliyo tayari, kumbe kwa wenyewe ushanga usiotungwa sawasawa haukuwa mali bado.

Wamasai wenyewe huwa na ukosi mpana wa duara, uliotungwa kwa waya. Waya moja huzunguka ndani ya nyingine, nazo hushikwa na vipande vyembamba vya ngozi vilivyotobolewa, vyenye kutoka shingoni kwenda nje kama miali ya jua. Kwa kuwa duara la nje ni refu kupita la ndani, fungu la rangi moja huanza jembamba shingoni na kupanuka liendapo nje. Fundi hana haja ya kuuchora upana huo. Waya na ngozi humpatia. Mtu akiiga rangi za ukosi huo katika mkanda uliofumwa kwa kitanda, atapata mistari iliyonyoka tu, na ule mwali utakuwa umekufa.

Basi twaona ya kuwa nakshi ina wazazi wawili, rangi na mshono. Siku hizi picha za kazi za kale huenea upesi, na vijana huziiga rangi kwa bidii. Hilo ni jema, lakini halitoshi. Picha haionyeshi uzi ulipopita. Bibi afaye bila kumfundisha mjukuu wake mkono wake huacha shanga nyingi na kazi chache. Kwa hiyo twawasihi walimu, wafundishapo kazi za mikono, wawaite wazee wenye ujuzi, na kila mtoto afuate uzi kwa sindano yake mwenyewe, kutoka fundo la kwanza hata la mwisho.